Kazi ya kumfunza mwalimu wa Kiingereza: mcheza kwao hutunzwa

Jumapili iliyopita safu hii iliangalia kazi ya upimaji wa ardhi. Leo tugeukie kazi ambayo wazazi wengi hawajui hata kama ipo: kazi ya kumfunza yule anayemfunza mwanao Kiingereza.

Kabla hujafungua ukurasa wa mapishi, nakuomba ufanye jambo moja. Chukua daftari la insha za Kiingereza la mtoto wako, au lako mwenyewe ikiwa ungali shuleni, usome insha mbili tatu za mwanzo. Sitashangaa ukikuta asubuhi yenye jua tulivu, ndege wakiimba mitini na upepo mwanana ukivuma. Mtoto ameamka katika jumba lenye bustani ya waridi. Babake ana gari refu jeusi. Safari inaanza, majambazi wanatokea, risasi zinalia, na mwishowe mwandishi anazinduka kitandani na kugundua kwamba ilikuwa ndoto tu.

Sasa mwangalie mwandishi mwenyewe. Pengine anaishi Kariobangi, Umoja au Kayole. Asubuhi yake haina waridi. Ina honi za matatu, utingo anayeita abiria, foleni ya mitungi ya maji kwenye mfereji, harufu ya mandazi ya mama jirani na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye huanza kazi kabla jua halijatoka. Hayo yote anayajua kuliko mtu mwingine yeyote, lakini hayamo daftarini. Mwulize kwa nini, naye atakujibu bila kusita kwamba hayo si mambo ya insha.

Nani alimwambia hivyo? Huenda hakuna aliyemtamkia. Aliyaona katika vitabu vya insha za mfano, akayakariri, akapewa alama, akarudia. Mwalimu wake naye alipitia njia hiyo hiyo alipokuwa mtoto. Ndiposa swali letu la leo linaanzia mbali kidogo na darasa: je, ni nani aliyemfunza mwalimu?

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi humjua mwalimu, na humjua profesa. Kati ya hao wawili yuko mkufunzi wa walimu, ambaye hutamkuta kwenye matangazo ya kazi yenye herufi kubwa. Yuko katika vyuo vya walimu na katika vitivo vya elimu vya vyuo vikuu. Wanaokaa mbele yake ni walimu wanagenzi, yaani wale ambao bado wanajifunza kufundisha.

Usidhani kwamba kazi yake ni kuwafunza vijana hao sarufi. Sarufi wamekuja nayo kutoka sekondari, au angalau ndivyo inavyotarajiwa. Kazi yake ni kuwaonyesha jinsi ya kumfikia mtoto ambaye hajui. Anawafunza namna ya kuandaa somo la dakika arobaini, namna ya kusahihisha insha bila kumvunja moyo aliyeiandika, na namna ya kuuliza swali ambalo halina jibu moja tu. Wanapotumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, yeye huwafuata huko, akakaa kiti cha nyuma na kalamu mkononi, kisha baada ya kipindi akaketi na mwanagenzi chini ya mti wakazungumza juu ya kilichofaulu na kilichoanguka.

Piga hesabu ndogo. Mkufunzi akitoa walimu 50 kwa mwaka mmoja tu, na kila mmoja wao apewe darasa moja la watoto 45, basi maneno ya mtu huyo mmoja yamewafikia watoto 2,250. Na hapo hatujahesabu mwaka wa pili. Akikosea, kosa lake nalo husafiri vivyo hivyo.

Sasa, ndani ya kazi hii kuna tawi ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Ni ufundishaji wa uandishi unaozingatia mahali. Maana yake si ngumu. Badala ya kumpa mtoto mada inayoelea hewani, mwalimu anaanza na mahali alipo mtoto: mtaa wake, soko lake, mto wake, watu wake na historia yao. Mtoto anachunguza, anauliza, anaandika, halafu kutoka hapo anapanda kuelekea nchi yake na ulimwengu. Huanzia nyumbani, lakini haiishii nyumbani.

Walioanza mbali na kwetu

Mfano wa tawi hili uliokwisha kuandikwa vizuri unatoka Marekani, lakini shida waliyokuwa wakipigana nayo utaitambua mara moja.

Nebraska ni jimbo lililo katikati ya nchi hiyo, tambarare la mahindi na ng'ombe. Ukiondoa miji mikubwa kama Omaha na Lincoln, sehemu nyingi za mashambani zimekuwa zikipoteza watu kwa miaka mingi. Mashine zimechukua kazi za mikono, mashamba madogo yamemezwa na makubwa, shule ndogo zimefungwa au kuunganishwa. Mtoto mwerevu wa huko alikuwa akisikia ujumbe mmoja tangu darasa la kwanza: ukitaka kuwa mtu, ondoka. Mwandishi Paul Gruchow, aliyekulia shambani katika jimbo la Minnesota, alililalamikia jambo hilo katika kitabu chake Grass Roots cha 1995. Aliona kwamba shule zilikuwa zikiwaandaa watoto wa mashambani kuhama tu, kana kwamba kwao hakukuwa na lolote la kujifunza.

Katika Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln alikuwapo profesa wa Kiingereza aitwaye Robert Brooke, ambaye kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa hiyo ya kufunza walimu wa uandishi. Aliongoza mradi wa uandishi wa jimbo hilo, ambao ni tawi la mradi mkubwa wa taifa ulioanzia Berkeley, California, mwaka wa 1974 chini ya James Gray. Mradi huo ulisimama juu ya mambo mawili. La kwanza, mwalimu hufunzwa vyema zaidi na mwalimu mwenzake aliyetoka darasani jana. La pili, anayefundisha uandishi sharti aandike yeye mwenyewe. Kwa hiyo wakati wa likizo ndefu walimu walikusanyika kwa majuma kadhaa. Kila mmoja aliandika, akawasomea wenzake katika vikundi vidogo, akaonyesha somo moja lililomfaulia, kisha akarudi shuleni na kuwafunza wengine.

Mwaka wa 2003 Brooke alihariri kitabu kiitwacho Rural Voices, ambamo walimu wa Nebraska wenyewe wanaeleza walivyofanya. Wanafunzi walitumwa kuwahoji wazee, kuandika historia za familia na miji yao, na kuitazama ardhi waliyokuwa wakiipita kila siku bila kuiona. Nia haikuwa kuwafungia watoto kijijini. La hasha! Nia ilikuwa kwamba anayeondoka aondoke akijua anachokiacha, na anayebaki abaki kwa hiari yake wala si kwa sababu alishindwa.

Wala wao hawakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1966, katika shule moja ya Rabun Gap, kwenye milima ya kaskazini mwa jimbo la Georgia, wanafunzi wa Kiingereza waliochoshwa na masomo walianzisha jarida walilolipa jina la Foxfire. Walikwenda kwa babu na nyanya zao wakauliza: nyumba ya magogo hujengwaje, dawa za mitishamba ni zipi, nyama huhifadhiwa vipi wakati wa baridi? Mambo hayo yalikusanywa kuwa kitabu mwaka wa 1972, na watu wa nchi nzima wakakinunua. Wazee waliokuwa wakichekwa kwa lafudhi yao wakawa walimu.

Jua pia kwamba kazi hii haina kinga. Mradi wa taifa wa Marekani uliwahi kuwa na vituo karibu 200, lakini mwaka wa 2011 serikali kuu ilikata fedha ilizokuwa ikiupa moja kwa moja, na baadhi ya vituo vikafungwa. Anayetaka kazi hii na ajue hilo mapema: mafunzo ya walimu huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kukatiwa bajeti, kwa sababu matunda yake huchelewa kuonekana.

Na huku kwetu?

Kenya haikulala. Mnamo Oktoba 1968, wasomi watatu katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, yaani Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe jinsi ilivyokuwa. Waliuliza kwa nini Afrika iwe pembeni katika chuo cha Afrika, huku Uingereza ikiketi katikati. Walitaka mwanafunzi aanze na fasihi ya kwao, ya kuandikwa na ya kusimuliwa, halafu atoke kwenda kwa wengine. Mwaka wa 1974 walimu na wasomi walikutana katika shule ya Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika sekondari zetu. Hatimaye vitabu vikabadilika. Ngugi aliaga dunia Mei 2025, lakini leo hakuna mtoto wa sekondari anayeshangaa kuletewa kitabu cha mwandishi Mkenya.

Kwa hivyo tulishinda katika kusoma. Katika kuandika, bado.

Chukua riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka mwaka wa 1986 na kuwahi kutahiniwa katika shule zetu. Msichana Paulina anashuka gari la moshi Nairobi, mgeni kabisa, na baadaye anapotea katika mitaa hii hii tunayoikanyaga. Au chukua Going Down River Road ya Meja Mwangi ya 1976, iliyojaa vibarua wa mijengo. Mwanafunzi anavisoma, anavijibia maswali, anavipenda. Kisha anafungua daftari la insha na kurudi kwenye bustani ya waridi! Hajaambiwa kwamba walichofanya Macgoye na Mwangi naye anaweza kukifanya, kwa mtaa wake, kwa Kiingereza chake.

Hapo ndipo mkufunzi anapohitajika.

Somo moja, hatua kwa hatua

Tuseme chuo kiko Thogoto, kule Kikuyu. Mkufunzi haanzi kwa kuandika maelezo ubaoni. Anawauliza wanagenzi: jina hili Thogoto limetoka wapi? Wengine wamekaa hapo mwaka mzima na hawajawahi kujiuliza. Wanatoka nje, wanauliza wazee, wanaambiwa kwamba ni Wamishonari wa Scotland waliojenga misheni hapo, na ulimi wa Mkikuyu ukaligeuza jina la Waskoti likawa Thogoto. Mwanagenzi anarudi na jambo ambalo hakulitoa kitabuni. Anaandika ukurasa mmoja. Anawasomea wenzake watatu. Wanamwambia ni wapi waliona picha na ni wapi walipotea. Anaandika tena. Kwa siku hiyo moja amejifunza kufundisha uandishi kuliko vile angejifunza kwa mihadhara kumi, kwa sababu ameonja hofu na raha ambayo mwanafunzi wake ataionja.

Mwaka ujao mwalimu huyo anapelekwa shule ya Nairobi, karibu na soko la Kariokor. Anajua pa kuanzia. Anawaambia wanafunzi wachore njia kutoka nyumbani hadi sokoni na waweke alama kwa vitu kumi. Kisha waandike kando ya kila kimoja kile ambacho sikio linasikia na pua inanusa: ngozi inayokatwa kutengenezewa viatu, nyama inayochomwa, vyondo vinavyoning'inia, bei inayoteremshwa polepole. Tatu, kila mmoja amwulize mtu mzima mmoja: kwa nini hapa paitwa Kariokor?

Majibu yatatofautiana, na darasa litapata kazi ya kuyapima. Ukweli ni kwamba wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki kwa maelfu mengi wawabebee chakula na risasi katika kupigana na Wajerumani, waliokuwa wakitawala upande ambao baadaye uliitwa Tanganyika. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wananchi wakalitamka jina hilo walivyoweza, likawa Kariokor kwetu na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi nyumbani, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Katika barabara ya Kenyatta, jijini, upo mnara wenye sanamu tatu unaowakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita hivyo. Mwanafunzi aliyeupita mara mia kwenye matatu sasa anashuka kwenda kuutazama.

Ona basi mtoto alipofika. Alianza na njia ya kwenda sokoni. Sasa yuko katika vita vya dunia nzima, na bado anaandika Kiingereza, tena kwa hamu, kwa maana ana jambo la kusema ambalo hata mwalimu pengine hakulijua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema asicheze kwingine. Walisema tuzo la kwanza huja pale watu wanapoujua wimbo.

Mambo magumu

Sitaki udhani kwamba ni mteremko. Yako mambo manne ambayo mkufunzi mzuri huwaambia wanagenzi wake kinaganaga.

La kwanza ni mtihani. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kiingereza ina alama 60, na 20 kati yake ni za insha ya kubuni. Mzazi atauliza: je, masoko yataleta alama? Mfikirie mtahini ambaye ameshasoma insha mia moja za ndege wanaoimba. Insha ya mia na moja inaanza na fundi anayepiga nyundo kabla jua halijatoka, na mtoto anayejaribu kulala. Kipi kitamwamsha? Hata hivyo, mwalimu asidanganye: hadithi ya kweli yenye tahajia mbovu na aya zisizofuatana bado itaanguka. Mahali humpa mtoto la kusema. Namna ya kulisema lazima ifundishwe.

La pili ni maneno. Mtoto atauliza jiko la makaa liitwe nani kwa Kiingereza. Mwalimu aliyefunzwa vyema hatamlazimisha kuandika neno la stovu ya gesi ambayo hajawahi kuiona. Ataruhusu jiko libaki jiko, mradi msomaji aelewe kutokana na sentensi ni kitu gani. Kiingereza chenyewe kilichukua safari kutoka kwetu, wala hakikuvunjika.

La tatu ni ugeni. Mwalimu wa Kenya aweza kuzaliwa Nyeri na kufundisha Turkana. Atafundishaje mahali asipopajua? Kwa kukubali kwamba katika jambo hilo wanafunzi ndio walimu, na kwa kuuliza maswali kwa haki. Hili halimshushi hadhi, bali humpa mtoto sababu ya kueleza kwa ukamilifu, maana anamweleza mtu ambaye kweli hajui.

La nne ndilo zito. Kwa watoto wengine, nyumbani ni mahali pa maumivu. Katika miji yetu wapo walioona vibanda vyao vikibomolewa usiku, au moto ukiteketeza mtaa, au babao akiondoka asirudi. Jumba lenye waridi ndilo pazia wanalojifichia. Mwalimu akilivuta pazia hilo kwa nguvu, atakuwa amewaumiza. Ndiyo sababu mkufunzi huwafunza wanagenzi kumwachia mtoto achague cha kuandika, kutomlazimisha kusoma kwa sauti, kutoweka alama nyekundu juu ya kilio, na kujua ni lini jambo limepita uwezo wa mwalimu wa Kiingereza na linahitaji mshauri. Wala asimwonee haya anayeishi chumba kimoja, wala asimsifu kwa huruma. Amsome kama anavyomsoma mwandishi mwingine yeyote.

Kijana, utafikaje huko?

Kama unasoma safu hii ukiwa na ndoto hiyo, njia ni ndefu lakini inaeleweka. Kwa mwalimu wa sekondari, kiwango kilichozoeleka cha Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kimekuwa alama ya wastani ya C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Masharti hubadilika, kwa hivyo thibitisha na tume na chuo kabla ya kujaza fomu. Utasomea shahada ya elimu, ukichukua Kiingereza pamoja na Fasihi, kwa miaka minne hivi, pamoja na muhula wa mazoezi shuleni. Vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, Maseno, Egerton na Nairobi vyote vimetoa walimu wa somo hili. Wanaotaka kufundisha watoto wa msingi wana njia yao: tangu 2021, stashahada ya miaka mitatu imechukua mahali pa cheti cha zamani cha P1.

Baada ya hapo, fundisha! Usikimbilie shahada ya pili kabla hujasikia kengele ya asubuhi ya Jumatatu mara nyingi. Mkufunzi ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watoto sitini wenye njaa saa sita mchana ana machache ya kumwambia mwalimu. Ukishakomaa, uzamili katika ufundishaji wa lugha utakufungulia mlango wa kuwa mkufunzi, na uzamifu utakupeleka chuo kikuu. Katika miaka hiyo yote, andika. Andika barua kwa mhariri, hadithi fupi, historia ya kanisa au msikiti wenu, chochote.

Kuhusu ajira nitasema wazi. Wako maelfu ya walimu waliosajiliwa ambao bado wanangoja kuajiriwa na serikali, na nafasi za ukufunzi ni chache kuliko hizo za ualimu. Mshahara hautakujengea jumba la insha. Lakini mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini tangu 2019, unamtaka mwanafunzi achunguze na atende badala ya kukariri tu, na walimu wengi wanahitaji kuonyeshwa vipi. Mwenye ujuzi wa kumfunza mwalimu hilo hatakosa wa kumtafuta.

Nawe mzazi, mwanao akikuambia anataka kusomea kazi hii, tafadhali usimwambie kwamba ualimu ni wa waliokosa uanasheria. Mwanasheria mwenyewe alifunzwa na mtu kupanga hoja zake katika aya.

La kufanya leo

Huhitaji kungoja wakufunzi waongezeke. Leo jioni, chakula kikiwa mekoni, mwambie mwanao akuulize mtaa wenu ulipataje jina lake, na wewe ulifika hapo mwaka gani, kwa gari gani, na ulibeba nini mkononi. Mjibu kwa lugha yoyote inayokujia, iwe Kiswahili, Kikamba, Dholuo au Kisomali. Kuitia katika Kiingereza ni kazi yake, na ni zoezi zuri kuliko kukariri methali ishirini za kigeni. Akimaliza, isome yote kabla hujagusa kosa lolote la tahajia, kisha mwulize swali moja tu: ni nini hapa ungetaka niambiwe zaidi?

Ukiona amerudi kuketi na kalamu, mwache. Ugali unaweza kungoja kidogo.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutaangalia kazi ya wauguzi wa mashinani. Hadi wakati huo, kwaheri.